Mtoto Asirithi Ugomvi

Maneno yaliyonenwa mbele ya wazee wa watoto na waalimu



Katika siku za jubilei desturi yetu ni kuhesabu miaka na kushukuru: makanisa yaliyojengwa, madarasa yaliyofunguliwa, watu waliobatizwa. Ni vema kufanya hivyo. Lakini mkulima mwenye haki akihesabu mavuno yake huhesabu na miaka ya ukame. Mimi nimepewa kunena juu ya miaka ya namna hiyo, nalo swali langu ni hili: mji ukiingiwa na mapigano, baba na mama wafanye nini na watoto wao? Nitanena hasa habari za Pemba upande wa kaskazini, Tumbe na Micheweni, kwa kuwa huko mambo haya yalionekana kwa macho, na watoto walioyaona siku zile leo ni watu wazima, nao wanalea watoto wao.

Kwa ajili ya wale wasioijua, Tumbe ni mji wa wavuvi katika wilaya ya Micheweni. Ni mahali pa kale sana. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta hapo mabaki ya makao makubwa ya watu wa karne ya 7 hata ya 10, na karibu yake, mahali paitwapo Chwaka, yako magofu ya misikiti na makaburi ya waliokuja baada yao. Riziki ya watu ni bahari. Vyombo hufika dikoni, samaki hunadiwa, na wakati wa dago wavuvi huondoka majumani wakakaa siku nyingi katika pwani za mbali, hata pwani ya Kenya. Karibu watu wote wa Tumbe ni Waislamu. Watoto wao husoma shule, na tena husoma chuoni. Ng'ambo ya mkondo wa Pemba, mwendo wa yapata kilomita 50, iko nchi ya Kenya, na huko iko bandari ndogo ya Shimoni. Likumbukeni jina hilo.

Sasa nitaeleza yaliyotokea. Siasa ya vyama vingi iliruhusiwa tena nchini mwetu mwaka 1992. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika mwaka 1995, na katika Pemba chama cha CUF kilipata viti vyote 21, lakini urais wa Zanzibar ulikwenda kwa mgombea wa CCM kwa kura chache sana. Tangu hapo maneno hayakwisha. Uchaguzi wa Oktoba 2000 ukayaongeza. Hata tarehe 27 Januari 2001, siku ya Jumamosi, wafuasi wa CUF wakatoka kuandamana, wakitaka uchaguzi urudiwe, na serikali ilikuwa imekwisha kukataza. Katika Pemba walikusanyika Wete, Chake Chake na Micheweni. Askari wakapiga risasi. Shirika la Human Rights Watch, katika taarifa yake ya mwaka 2002, lilisema kwamba katika Unguja na Pemba watu wasiopungua 35 waliuawa, na zaidi ya 600 walijeruhiwa. Askari polisi mmoja naye aliuawa huko Micheweni. Siku zilizofuata askari waliingia majumbani, wakapiga watu, wakachukua mali, na wanawake wengine walivunjiwa heshima yao.

Basi watu wakaelekea baharini. Zaidi ya 2,000 walivuka mkondo ule kwa vyombo vya pwani, wakashuka Shimoni wakiwa wakimbizi. Baadaye baadhi yao walipelekwa kambi ya Dadaab, katika nchi kavu iliyo mbali na bahari.

Tafadhalini, tusimame hapa kidogo tumfikirie mzazi aliyekuwa pwani siku ile. Chombo kipo, nafasi ni chache, bahari haina huruma, na nyuma yake mlango unaweza kuvunjwa usiku. Je, aende na watoto wote? Aende peke yake, kwa kuwa wanaume na vijana ndio watafutwao, amwache mama na watoto nyumbani? Au wabaki wote pamoja? Wako waliokwenda na wako waliobaki, na kila mmoja alichagua kwa uchungu. Sisi tuliokuwa mbali tusiwahukumu. Lakini twaweza kuuliza ni jambo gani lililomsaidia mtoto, popote alipokuwa.

Katika jambo hili ushahidi upo, nao watoka mbali. Katika miaka ya 1940 na 1941 ndege za Wajerumani zilipoangusha mabomu juu ya London, mabibi wawili, Anna Freud na Dorothy Burlingham, walifungua nyumba za kulea watoto huko Hampstead, wakaandika waliyoyaona. Waliona kwamba mtoto mdogo aliye pamoja na mama yake, au na mtu mwingine amjuaye na kumtegemea, aliyastahimili mabomu kuliko watu walivyodhani. Walioumia zaidi mara nyingi walikuwa wale waliotengwa na mama zao, ijapokuwa walipelekwa mahali pa salama. Tena waliona kwamba mama akitetemeka, mtoto naye hutetemeka, akitulia, hutulia.

Neno hili si geni kwetu. Mtoto mdogo hajui chama wala serikali. Mlio ukisikika, kwanza huutazama uso wa mtu wake, na katika uso huo husoma kama dunia imekwisha au bado. Kwa hiyo baba alazimikaye kuondoka amkabidhi mtoto kwa bibi, au shangazi, au ami, mtu ambaye mtoto amekwisha kumzoea; amuage kwa maneno, asitoroke akiwa amelala; na akifika aendako apeleke salamu upesi. Na mama aliyebaki asione haya kuwaita jirani walale pamoja nyumba moja. Hofu ikigawanywa kwa watu wengi, mtoto hupata sehemu ndogo.

Tena twajua dalili za mtoto aliyeona mambo mazito, na napenda waalimu wazisikilize sana. Mtoto aliyekwisha acha kukojoa kitandani huanza tena. Hushtuka mlango ukigongwa. Hamwachi mama yake hata kwenda kisimani. Mwingine huwa kimya kama bubu. Mwingine huwa mkorofi darasani, hupiga wenzake, husahau hesabu alizozijua jana. Mwingine hucheza mchezo wa askari na maiti, akaurudia kila siku. Mambo haya hayaponywi kwa fimbo. Mtoto achezaye mchezo ule anajaribu kulifahamu jambo lililo kubwa kuliko yeye. Keti karibu naye, mwulize nini hutokea baadaye katika mchezo wake, nani huja kusaidia.

Na dawa zilizo karibu nasi ni nyepesi kuzitaja, ingawa kuzitimiza ni kazi. Chakula kiliwe saa zake, hata kikiwa kidogo. Shule na chuo vifunguliwe upesi iwezekanavyo, maana mtoto akikaa mahali pake pa jana, akaitwa jina lake, huona kwamba mambo yana taratibu yake. Apewe kazi iliyo kadiri yake: kuteka maji, kupaa samaki, kumwangalia mdogo wake, mtu mwenye kazi hajioni kuwa mnyonge kabisa. Wala asiachwe kuketi usiku katikati ya wakubwa warudiao habari za damu. Wao hupunguza mzigo wao kwa kusimulia, naye huuchukua kitandani.

Ndugu zangu, hayo yote ni habari za siku za risasi. Risasi zina mwisho wake. Lakini liko jambo la pili lijalo baada yake, nalo hukaa miaka. Katika Pemba huitwa kususiana. Baada ya uchaguzi wa 1995 lilitokea, na baada ya marudio ya uchaguzi tarehe 20 Machi 2016 likatokea tena: watu wa chama hiki hawanunui katika duka la mtu wa chama kile, gari halimpakii, harusi haihudhuriwi, na mahali pengine hata maiti haizikwi na jirani zake, ila na watu wa upande wake tu. Nanyi mnajua kwamba katika nchi za Waswahili kukataa kumzika mtu ni neno la mwisho, hakuna zito kuliko hilo.

Sisemi kwamba halina sababu. Mtu aonaye kwamba kura yake haikuhesabiwa, wala hana mahakama ya kumsikiliza, hutafuta silaha iliyobaki mkononi mwake, na ya maskini ni kukataa: sinunui kwako, siketi nawe. Nafahamu. Lakini nataka tutazame silaha hiyo imepitia mkono wa nani.

Tuseme mtoto wa miaka minane ametumwa mafuta ya taa. Duka liko hatua ishirini. Mama yake amwambia, Usinunue hapo, nenda kule mbali. Mtoto auliza, Mbona? Mwenye duka ni mtu aliyempa tende tangu alipojifunza kutembea. Mama amjibu, Hao si wenzetu. Basi siku ile mtoto amejifunza mambo mawili: njia ndefu ya kwenda dukani, na kwamba watu waweza kuacha kuwa wenzetu kwa siku moja. Kesho atamkuta mtoto wa mwenye duka shuleni, naye atajua la kufanya bila kuambiwa. Hakuona risasi hata moja, kwa kuwa alizaliwa baada yake. Lakini ugomvi umekwisha kumfikia, naye ndiye mchukuzi wake.

Hili ndilo neno langu la leo: tusimfanye mtoto kuwa mchukuzi wa ugomvi. Mzazi hana uwezo wa kuizuia bunduki ya serikali, wala hakuulizwa katika mashauri ya wakubwa. Lakini juu ya jambo hili moja ana mamlaka kamili, nalo ni lile atakalolitia mikononi mwa mwanawe.

Nanyi msidhani kwamba nawanenea jirani zetu, na sisi tumo salama. Katika makanisa yetu ya Pemba wamo watu wengi waliotoka Bara kwa ajili ya kazi: waalimu, waganga, na askari pamoja na wake zao na watoto wao. Mtoto wa askari akienda shule siku za namna ile aweza kuambiwa, Baba yako ameua watu. Hurudi nyumbani akilia. Mama yake atamwambia nini? Akimwambia, Watu wa hapa ni wabaya, amempa chuki. Akimwambia, Hakuna aliyeuawa, amempa uongo, na mtoto atakapopata kweli hatamwamini tena. Heri amwambie hivi: Watu waliuawa, mwanangu, na huo ni msiba. Mwenzako amefiwa au ana hofu. Wewe hukulitenda jambo hili. Akikusema vibaya usimrudishie; na siku atakayotaka kucheza nawe, cheza naye. Na yule mtoto mwingine, wa mwandamanaji, ana haki ya kuambiwa kwamba askari aliyeuawa Micheweni alikuwa mwana wa mtu.

Tena sisi nasi tumefiwa. Jumapili asubuhi, tarehe 17 Februari 2013, Padre Evarist Mushi alipigwa risasi huko Unguja akaenda kusali misa, akafa. Watoto wetu waliuliza, Nani amemwua? Yamkini katika nyumba nyingine jibu lilikuwa neno moja tu, Waislamu. Neno hilo lilitoka upesi, nalo lilikuwa dhuluma. Mwenye kuua ana jina lake mwenyewe, wala dini nzima haishiki bunduki. Tukitaka wazazi wa Tumbe wasiwafundishe watoto wao kwamba kila mtu wa Bara ni adui, hatuna budi kuacha kuwafundisha wetu kwamba kila mwenye kofia ni mwuaji.

Labda mtu atasema, Basi ni afadhali kunyamaza, watoto wasijue kitu. Sivyo. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 watu wengi wa Pemba walichapwa hadharani, wazee kwa vijana, na siku hizo hata leo huitwa siku za bakora. Wakati ule kuzitaja kwa sauti kulikuwa hatari, kwa hiyo zilisimuliwa kwa kunong'ona. Na habari inong'onwayo haifi. Hukua gizani, kila msimulizi akatia chake, na mtoto huona kwamba jambo hili ni la siri, basi bila shaka ni deni lisilolipwa. Kunyamaza hakumwondolei mtoto mzigo; humfunga macho tu asijue amebeba nini.

Kwa hiyo na tuwaambie kweli, lakini kwa kipimo. Mtoto mdogo atosheke kuambiwa, Kulikuwa na mapigano, watu waliumia, sasa tuko pamoja. Mwenye miaka kumi na miwili aweza kuambiwa tarehe, mahali, na sababu. Kijana aelezwe yote, pamoja na makosa ya upande wetu wenyewe. Na kila mara tumalize habari kwa kutaja waliotenda mema: mvuvi aliyepakia watu wasio jamaa zake, watu wa Shimoni waliowapokea wageni, jirani wa chama kingine aliyewaficha wenzake. Habari za namna hiyo zipo katika kila mji uliopita katika taabu. Zitafuteni kwenu, mziandike majina yake kabla wenyewe hawajafariki.

Na tuwaeleze pia habari za mapatano, kwa kuwa mtoto ajuaye vita tu hudhani kwamba watu hawajui kazi nyingine. Tarehe 10 Oktoba 2001 vyama viwili vilitia sahihi Muafaka. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad, waliokuwa wapinzani wakubwa, walikutana, na watu wakaita jambo hilo maridhiano. Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari walipiga kura ya maoni juu ya serikali ya umoja wa kitaifa, na asilimia 66 wakaikubali. Uchaguzi wa mwaka ule ukapita kwa utulivu. Sitawaficha kwamba mambo yaliharibika tena: uchaguzi wa Oktoba 2015 ukafutwa, na mwishoni mwa Oktoba 2020 risasi zikasikika tena Pemba, chama cha ACT-Wazalendo kikasema watu waliuawa, polisi wakakana. Lakini Desemba ya mwaka ule ule Maalim Seif alikubali kuingia katika serikali ya umoja, akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais, akakaa humo hata alipofariki Februari 2021. Kwa hiyo mapatano ya wakubwa ni kama ukuta wa udongo: ni wa lazima, lakini kila masika wataka kukandikwa upya, na kazi hiyo hufanywa na watu wa nyumbani.

Sasa nina maneno machache kwa waalimu. Msimwulize mtoto chama cha baba yake, hata kwa mzaha. Waketisheni watoto wa pande mbili dawati moja, bila kutangaza sababu. Jina la matusi litokanalo na siasa au kabila lisipite darasani hata mara moja bila kukemewa, hata kama msemaji ni mtoto wa mkubwa. Mtoto akikosa shule siku tatu, nendeni kwao wenyewe, msimtume mtoto mwenziwe kupeleleza. Na siku za uchaguzi zikikaribia, kaeni na wazazi mapema mkakubaliane: nani atawafungulia watoto mlango pakitokea ghasia, na nani atawapeleka kwao.

Na kwa wazazi nina ombi moja. Jirani wa upande mwingine akifiwa, nendeni mazikoni. Msipojua la kusema, kaeni kimya barazani pamoja na wafiwa, yatosha. Tena mwende na watoto wenu. Mtoto akimwona baba yake ametia bega chini ya jeneza la mtu ambaye jana walibishana, amepata somo ambalo mimi siwezi kumfundisha kwa mwaka mzima wa mafundisho.

Nabii Ezekieli alikaa na wahamishwa katika nchi ya Babeli, watu waliofukuzwa kwao kama wale wa Shimoni. Huko aliikataa mithali iliyokuwa kinywani mwa watu wake, kwamba makosa ya baba huwapata watoto, akawafundisha kwamba kila mtu huchukua tendo lake mwenyewe. Alinena hayo kwa watu wenye kila sababu ya kukasirika.

Watoto wa mwaka 2001 wamekuwa baba na mama, Tumbe, Micheweni, Wete, na katika makanisa yetu. Wao ndio watakaoamua kama wajukuu wataipata habari ile kuwa ni historia yao au ni deni lao. Na Mungu awape, nasi pia, moyo wa kuisimulia kweli yote, na mkono wa kuwanunulia watoto wetu mafuta katika duka lililo karibu.